Onyesha kwa Kidole: Nyonga Iko Wapi, na Kwa Nini Inauma

Mama mmoja anayeanika dagaa pale Kibirizi alikuja kwangu akilalamika nyonga. Mwaka wa pili huo, alisema, na amekwisha kunywa kila alichoambiwa anywe. Nikamwomba anionyeshe kwa kidole kimoja panapouma. Hakutumia kidole. Alikunjua kiganja akakipachika ubavuni: gumba likaelekea nyuma kwenye tako, vidole vinne vikalala mbele kwenye mkunjo wa paja. "Huku ndani kabisa," akasema. "Nikigusa juu sipapati."

Asubuhi hiyo hiyo kijana wa bodaboda kutoka Mwanga alikuwa amesema ni nyonga, lakini mkono wake ulianzia mgongoni, ukapita juu ya tako na kuteremka mpaka kwenye kigimbi. Bibi mmoja wa Ujiji naye alisema nyonga, akagusa kinundu cha mfupa pembeni mwa paja. Nilipopabonyeza kidogo tu, aliudaka mkono wangu. Watu watatu, lalamiko la jina moja, na hakuna hata mmoja mwenye ugonjwa wa mwenzake.

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Kigoma, na kila wiki nakutana na watu waliopoteza miezi, wengine miaka, kwa sababu ya jina hilo. Katika maongezi ya kila siku nyonga ni eneo zima, kuanzia mkanda wa suruali hadi chini ya tako. Mwanamume akiumwa hapo ataambiwa ni ngiri, mwanamke ataambiwa ni chango, mzee ataambiwa ni baridi yabisi, kisha kila mmoja hupewa dawa iliyomsaidia jirani aliyewahi kuumwa "hapo hapo". Lakini kiungo chenyewe cha nyonga hakikai pale wengi wanapodhani. Weka vidole viwili katikati ya mkunjo unaotenganisha paja na tumbo, ubonyeze taratibu. Utasikia mshipa wa damu ukidunda. Nyonga yako iko nyuma ya mdundo huo, ndani sana, imefunikwa na misuli pande zote. Ndiyo maana maumivu ya kiungo chenyewe mara nyingi husikika mbele, kwenye kinena, na ndiyo maana yule mama hakuweza kuyagusa.

Mchi ndani ya kinu

Bega limeundwa kama mpira uliowekwa juu ya kisahani: linazunguka kote, na linateguka kirahisi. Nyonga ni mchi ndani ya kinu. Kichwa cha fupa la paja ni duara, karibu theluthi mbili za mpira kamili, kipenyo chake kwa mtu mzima kama sentimita 4.5 hadi 5. Hiyo ni ndimu kubwa. Kinaingia kwenye kikombe kilichochimbwa ubavuni mwa fupanyonga. Kikombe hicho hakizaliwi kipande kimoja. Mtoto huwa na mifupa mitatu inayokutana mle, imeunganishwa kwa gegedu laini, na hujifunga kuwa mfupa mmoja katika miaka ya ujana.

Kichwa na kikombe vimepakwa gegedu, ile nyama nyeupe inayong'aa na kuteleza unayoiona ukikata kiungo cha mguu wa mbuzi. Kikombe kina ukingo wa ziada wa gegedu gumu unaokumbatia kichwa kisichomoke. Kisha kuna mfuko mzito unaokizunguka kiungo chote, na mbele yake umepita ukanda wa nyuzi wenye umbo la herufi Y iliyogeuzwa, ukanda wa aina hiyo ulio imara kuliko wote mwilini. Huo ndio unaokuwezesha kusimama wima muda mrefu bila kukaza misuli. Ndani ya mfuko kuna ute kidogo unaolainisha na kulisha gegedu, kwa sababu gegedu halina mshipa wa damu hata mmoja. Halina mishipa ya fahamu pia. Linaweza kuchakaa kwa muda mrefu bila kukuambia chochote, na siku linapoanza kuuma, aghalabu kinachouma ni mfupa ulio chini yake na mfuko ulioizunguka nyonga.

Sehemu inayonitia wasiwasi zaidi ni shingo. Fupa la paja halipandi moja kwa moja kuingia kwenye kikombe. Linapofika juu linapinda kuelekea ndani kwa shingo fupi, kwa pembe ya nyuzi 125 hadi 130 hivi. Pindo hilo linatupa nafasi ya kutembea, kuchuchumaa na kuketi mkekani, lakini lina gharama. Sehemu kubwa ya damu inayolisha kichwa hupanda kwa vijishipa vyembamba vilivyoilalia shingo hiyo. Shingo ikivunjika, vijishipa hukatika, na kichwa kinaweza kufa kikiwa ndani ya kikombe chake. Kwa watu wenye selimundu vijishipa huzibwa na chembe za damu zilizojipinda, na mwisho wake ni ule ule: kichwa hukosa damu, kinalainika, kinabonyea.

Mizani ya mguu mmoja

Simama kwa mguu wa kulia peke yake. Sasa karibu uzito wote wa mwili uko upande wa kushoto wa nyonga hiyo na unataka kukuangusha upande huo. Kinachokuzuia ni misuli ya pembeni mwa tako, inayotoka kwenye bawa la fupanyonga na kujishikiza kwenye kile kinundu cha paja. Fikiria mizani yenye mkono mrefu upande mmoja na mkono mfupi upande wa pili. Uzito wa mwili umening'inia kwenye mkono mrefu, misuli inavuta kwenye mkono mfupi, kwa hiyo haina budi kuvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wenyewe. Nguvu zote mbili zinaishia kukandamiza kiungo. Mtu wa kilo 60 akitembea tu kwenda sokoni, kila hatua nyonga yake hupokea mgandamizo wa kama kilo 150 hadi 180. Hiyo ni mifuko 3 ya saruji na zaidi, juu ya ndimu moja.

Hapa ndipo linapotoka jambo ambalo wagonjwa wangu hubisha nalo kuliko yote. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande mzima. Nyonga ya kulia ikiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto. Watu huishika upande unaouma kwa sababu inaonekana kama nguzo ya kuegemea, lakini mizani haifanyi kazi hivyo. Fimbo ya kushoto inasukuma juu kwenye ncha ya mkono mrefu, pale uzito unapokuelemea, na msukumo mdogo tu unaipunguzia misuli kazi kubwa. Ndoo ni kinyume. Ukilazimika kubeba ndoo ya maji kwa mkono, ibebe upande huo huo unaouma, maana hapo inasaidia kuvuta kwenye mkono mfupi. Ukiibeba upande mzima unazidisha mzigo kwenye mkono mrefu. Na mzigo wa kichwani, ambao akina mama wa huku ndio wamezoea, unajumlishwa na uzito wa mwili: kilo 20 za dagaa kichwani zinaweza kuongeza kama kilo 50 kwenye kiungo kila hatua.

Ukimwona mzee anatembea huku kiwiliwili kikiegemea upande wa mguu mbovu kila anapoukanyagia, usidhani ni mazoea mabaya. Mwili umeipiga hesabu hiyo wenyewe. Kwa kuegemea, anaufupisha ule mkono mrefu.

Kidole kikienda mbele

Maumivu ya kinena kwa mtu aliyevuka miaka 50 mara nyingi ni gegedu kusagika. Huanza kwa ukakamavu wa asubuhi usiozidi nusu saa, kisha maumivu ya kutembea, baadaye hata usingizini. Ila dalili ya kwanza huwa ni ugumu: nyonga inapoteza uwezo wa kuzunguka kuelekea ndani kabla ya kupoteza miondoko mingine. Muulize mgonjwa anavyokata kucha za miguu, anavyopanda pikipiki, anavyorukisha mguu kuingia kwenye mtumbwi. Yule mama wa Kibirizi hakuwa na shida ya kutembea ufukweni kwenye mchanga tambarare. Alishindwa kuuvuka ukingo wa boti, na alishindwa kunyanyuka kwenye kigoda. Wazee wa Ujiji wengi hunieleza habari ya sijida na tahiyatu kabla hawajataja maumivu.

Maumivu hayo hayo yakimpata kijana wa miaka 20 au 30, fikra zangu zinahama. Naanza kuuliza kama ana selimundu, maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo duniani, na kufa kwa kichwa cha paja ni moja ya madhara yake makubwa. Naulizia pombe nyingi ya miaka mingi. Naulizia pia vidonge vya prednisolone, kwa kuwa dawa hizo za jamii ya steroidi zikitumika kwa muda mrefu huweza kukiua kichwa cha nyonga. Hospitalini zinaokoa maisha zikisimamiwa vizuri. Anayenunua mwenyewe dukani kwa sababu zinamnenepesha na kumwondolea maumivu haraka anacheza na mfupa ambao haurudi.

Kifua kikuu nacho huingia kwenye nyonga. Kinakwenda polepole: mtu anachechemea, paja linakonda, uzito unapungua, mtoto analia usiku akigeuka kitandani. Anaweza kuwa hakohoi kabisa. Ngiri ya kweli, ile ya utumbo kusukuma nje, mara nyingi huonyesha uvimbe kwenye kinena unaotokeza ukikohoa na kurudi ukilala. Kama hakuna uvimbe, jina la ngiri lisiwe jibu la kwanza.

Pembeni na nyuma

Bibi wa Ujiji hakuwa na ugonjwa wa kiungo. Mguu wake ulizunguka bila shida kila upande. Kilichouma ni kano za ile misuli ya pembeni, pale zinapojishikiza kwenye kinundu. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake wa miaka 40 hadi 60, na alama yake ni kushindwa kulalia upande huo usiku. Wengi wakiambiwa si mfupa hupumua. Tiba yake kubwa ni kuiimarisha misuli kidogo kidogo kwa wiki nyingi, kuweka mto kati ya magoti wakati wa kulala, na kuacha kusimama huku umeuning'iniza mwili kwenye mguu mmoja. Kumkanda kwa nguvu juu ya kinundu kunamtonesha.

Kijana wa bodaboda, yeye shida yake ilitoka mgongoni. Maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita katikati ya tako na kuvuka goti kwenda chini, pamoja na ganzi au vichomi, kwa kawaida ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye uti wa mgongo. Mshipa huo ni mnene kama kidole, nao hupita nyuma ya kiungo cha nyonga, ndani ya tako. Hapa naomba niseme neno moja kuhusu sindano. Sindano ya tako ikichomwa mahali pasipo pake inaweza kuujeruhi mshipa huo, na nimeona watoto wanaoburuza kidole cha mguu kwa sababu ya sindano moja ya siku ya homa. Kwa mtoto mchanga, sindano ya msuli huchomwa kwenye paja, mbele kwa pembeni. Mzazi ana haki ya kuuliza.

Mtoto anaposema goti

Hili ndilo ningependa kila mwalimu na kila mzazi wa mkoa huu alifahamu. Nyonga na goti vinachangia mishipa ya fahamu, kwa hiyo nyonga inaweza kuugua na mtoto akashika goti. Nimempokea mvulana wa darasa la sita aliyekuwa amepigwa picha ya goti mara mbili, zote safi. Alipolala chali nikamkunja paja, mguu ukajigeuza wenyewe kwenda nje. Kichwa cha paja kilikuwa kinateleza kutoka kwenye shingo yake, taratibu, kama kofia inayoshuka upande mmoja. Hutokea kati ya miaka 10 na 16 hivi, wakati mifupa inarefuka haraka, na zaidi kwa watoto wanene. Mtoto wa namna hiyo hatakiwi kupiga hata hatua nyingine: hubebwa hadi hospitali, na daktari hukikaza kichwa kwa skrubu kisiendelee kuteleza.

Kwa wadogo wa miaka 4 hadi 8, hasa wavulana, kuna ugonjwa mwingine ambamo kichwa cha paja hukosa damu bila sababu inayojulikana, kisha hujijenga upya kwa miaka kadhaa. Uliandikwa mwaka 1910 na madaktari wa nchi tatu, kila mmoja kivyake: Legg wa Marekani, Calvé wa Ufaransa na Perthes wa Ujerumani. Na kuna uvimbe mwepesi wa nyonga unaofuata mafua, unaopoa wenyewe ndani ya wiki moja au mbili.

Lakini mtoto mwenye homa kali, aliyegoma kukanyaga na hataki mguu wake uguswe, hasubiri wiki moja wala mbili. Usaha ndani ya nyonga hula gegedu kwa muda mfupi sana, na kuutoa ni kazi ya upasuaji wa siku hiyo hiyo. Mwenye selimundu yuko hatarini zaidi. Kumchua mtoto huyu kwa mafuta ya mawese ili "kiungo kirudi" ni kumpotezea saa alizobakiwa nazo.

Upande mmoja tuna bahati ambayo hatuisemi. Watoto wengine huzaliwa na kikombe cha nyonga kisicho na kina, na kichwa kinachotaka kutoka. Kikombe hukomaa vizuri mapaja yakiwa yamepanuka na kukunjwa, kichwa kikiwa kimekaa katikati. Mbeleko inafanya jambo hilo hasa: mtoto mgongoni, magoti yamekumbatia kiuno cha mama. Tatizo hili ni nadra katika jamii za Kiafrika zinazobeba hivyo, na ni kubwa kwa waliozoea kuwaviringisha watoto miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa. Japani walianza kampeni mwaka 1975 kuwaambia mama waache kuinyoosha miguu ya wachanga, na idadi ya watoto wenye nyonga zilizotoka ikashuka sana. Mama wa Kasulu au Uvinza anayemfunga mwanawe mgongoni kwenda shamba hahitaji kampeni hiyo. Asiiache mbeleko tu.

Kuanguka na ajali

Bibi au babu akianguka, akashindwa kusimama, na mguu ukaonekana mfupi na umegeuka nje, hiyo ni shingo ya paja au mfupa wa chini yake umevunjika. Kwa kijana aliyepata ajali ya gari, goti likagonga mbele yake kwa nguvu, mguu mara nyingi huwa mfupi lakini umegeuka ndani: nyonga imeteguka kwenda nyuma. Hiyo irudishwe hospitalini ndani ya saa 6, kwa sababu vile vijishipa vya shingo vimebanwa. Katika hali zote mbili fundi wa viungo wa mtaani, hata mwenye mikono ya baraka, hana cha kuvuta.

Habari ya ute na bamia

Karibu kila mgonjwa ananiambia ameambiwa "ute umeisha", na wengi wamekunywa maji ya bamia miezi mingi ili urudi. Nawaelewa. Bamia linateleza, kiungo kinateleza, na asiyekuwa na nauli ya hospitali hushika kilicho jikoni. Ila bamia likifika tumboni humeng'enywa kama mboga nyingine, halina njia ya kwenda nyongani likiwa ute. Na kiungo kilichosagika kwa kawaida hakijakauka: kikichokozwa hutoa majimaji mengi kuliko kawaida. Kilichopungua ni gegedu, na mpaka leo hakuna kinywaji wala unga unaolirudisha.

Yanayosaidia hayana sura ya dawa. Kupunguza kilo 5 kwa mtu mnene kunaiondolea nyonga kama kilo 12 hadi 15 kila hatua. Misuli ya tako na paja ikiwa na nguvu, kiungo kinapumzika. Kuketi juu zaidi, badala ya kigoda, kunaokoa mkunjo unaouma. Chooni, kiti cha mbao chenye tundu juu ya choo cha kuchuchumaa kinatengenezwa na fundi yeyote. Parasetamoli ina nafasi yake. Diklofenaki ya kila siku bila kupimwa inaumiza tumbo na figo.

Kikishindikana kiungo, kipo cha bandia. Daktari John Charnley wa Uingereza ndiye aliyeufanya upasuaji huo uwe wa kutegemewa mwaka 1962, kwa kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Nchini hufanyika mahali kama taasisi ya mifupa MOI, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka hapa. Nyonga nyingi za bandia hudumu miaka 20 au zaidi, ila aliyewekewa huambiwa aepuke kuchuchumaa, na hilo ni la kulipanga nyumbani kabla ya kusafiri.

Mama wa Kibirizi hajafika huko. Picha ya eksirei ilionyesha nafasi ya gegedu imebaki nyembamba upande wa kulia, na tumeanza na mazoezi, kreti ya soda badala ya kigoda, na fimbo mkono wa kushoto. Wenzake ufukweni walimwambia ameishika mkono sio. Alinieleza kwamba alimwita mmoja wao, akamwambia asimame mguu mmoja, akamwekea kiganja chini ya mkono ule mwingine na kumnyanyua kidogo tu. "Sasa niambie," akamuuliza, "umesikia wapi pamekuwa pepesi?"